Kifuniko cha Tangi

Daktari alilisikia lile gari kabla ya kuliona. Lilikohoa kwenye kona ya benki, likakohoa tena mbele ya duka la vyuma, kisha likajikokota hadi katikati ya gereji yake na kuzima. Papo hapo akavaa stetoskopu. Ndiyo, stetoskopu. Aliinunua kwenye mitumba, na tangu siku hiyo mafundi wenzake wanamwita Daktari kwa dhihaka, naye huitika kwa heshima zote.

Lilikuwa gari la kusafiria na kulala, basi dogo la zamani lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Akashuka mzee mstaafu mwenye mkongojo, akafuata mkewe mwenye miwani minene. Daktari akawatazama, akatazama bodi isiyo na kutu hata chembe, akamkumbuka mwenye hoteli wa kule mlimani aliyekuwa akimsumbua kila mara amtafutie gari la namna hiyo. Moyo ukamjaa huruma kwa wale wazee, huruma ileile ambayo paka humwonea panya.

"Karibuni, wazazi wangu. Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Ah, mwanangu," bibi akasema, "linawaka vizuri tu. Likitembea kidogo linazima. Tukikaa tukanywa chai, linakubali tena. Tumebadilisha plagi, tumesafisha kabureta, kuna fundi akatuuzia na pampu mpya. Wapi!"

"Fundi huyo ni mwizi," Daktari akasema kwa uchungu wa dhati, maana hapendi washindani.

Akaiweka stetoskopu juu ya injini, akafumba macho, akaguna. Akasema anataka kunusa petroli, akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa kwa nguvu: fyuuu!

Tumpe haki yake: Daktari ni tapeli, lakini injini anazijua. Kifuniko cha tangi la gari kama lile kina kitundu cha kupitishia hewa. Kikiziba, petroli inapungua na hewa haiingii kushika nafasi yake, mpaka inafika mahali mafuta hayatoki tena na injini inazima. Ukilipumzisha gari, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka. Dawa yake ni pini, na pumzi moja ya kupuliza.

Mtu mwaminifu angetafuta pini. Daktari akakirudisha kifuniko, akakikaza, akavua stetoskopu polepole.

"Wazazi wangu, kaeni kwanza."

Bibi akamshika mumewe mkono.

"Injini imekwisha. Pistoni, ringi, vyote. Nikisema nitengeneze nitakuwa nawaibia, na wizi mimi siuwezi."

"Hulitembezi kidogo kwanza ukasikia mlio?" mzee akauliza. "Hata hadi kule mlimani?"

"Mgonjwa mahututi hatembezwi, mzee wangu."

Angelitembezaje? Bila kuzibua kitundu lingezima njiani, na akizibua, wenyewe wangeona limepona na kuondoka nalo. Basi akageuza macho kwenye banda, ambako gari dogo jeupe lilikuwa likimeremeta. Lilikuwa la mama mkwe wake. Alilileta asubuhi kubadilishiwa oili, na jioni angekuja kulichukua. Uwanja wa gereji nao ulikuwa wa mama mkwe huyohuyo, aliyempa mkwewe autumie mradi tu asimwaibishe. Mwenye busara angeliogopa gari lile kama moto. Daktari aliona mbali zaidi: kabla ya jioni angekuwa ameuza basi kwa mwenye hoteli, amenunua gari jeupe jingine, tena jipya zaidi, na mama angemshukuru.

"Nina kagari kangu pale," akasema, sauti ikilegea kwa wema. "Kadogo, lakini kanatembea. Kachukueni, mimi mniachie huu mzigo nikauze vyuma chakavu."

"Tutakuonea, mwanangu," mzee akasema.

"Baraka zenu zinanitosha."

Bibi alivua miwani akajifuta machozi. Wakahamisha chupa ya chai na mablanketi chapuchapu, wakakubaliana kadi za magari watabadilishana kesho, kwani waliaminiana. Mzee akawasha gari jeupe, akapunga mkono, wakaondoka.

Daktari akachukua pini, akachokoa kitundu. Ikatoka nta ya mshumaa, safi kabisa. Hakujiuliza mshumaa ulifuata nini kwenye tangi la petroli. Akawasha, akashika njia ya mlimani akiimba.

Gari likaenda, likapita mji, likaanza kupanda. Lilienda mbali kiasi cha kupata moto sawasawa, na hapo ndipo mshale wa joto ulipopanda, mvuke mweupe ukafumka, injini ikagonga kama mtu anayebomoa ukuta, ikanyamaza. Daktari akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Kichwa cha injini kilikuwa na ufa.

Akakaa chini kando ya barabara. Sasa alielewa. Nta ilitiwa makusudi ili gari lizime kabla halijapata moto, ugonjwa mdogo ufiche ule mkubwa. Fundi mwaminifu angekizibua kitundu mbele ya wenyewe, angelitembeza, angeuona ufa. Mtego ule ulimnasa tu fundi aliyegundua akanyamaza.

Jioni lori likamvuta hadi gereji. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, pochi mapajani, na mke wa Daktari amesimama nyuma yake.

"Mkwe, gari langu liko wapi?"

"Shikamoo, mama. Limepelekwa kuoshwa."

"Marahaba. Kuoshwa wapi? Pale pa kuoshea magari nimepita."

"Baada ya hapo likapelekwa kupimwa breki..."

"Na nani?"

Daktari akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani uongo ukamkauka. Akiwa hana jingine, akasema ukweli wote: nta, mkongojo, machozi ya bibi, ufa. Alisema mpaka akalia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Mama mkwe akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia bintiye. "Ati kikongwe wa mkongojo na bibi asiyeona vizuri ndio wamemtapeli huyu. Huyu!"

"Haki ya Mungu, mama! Ndivyo ilivyokuwa!"

"Baba watoto," mkewe akasema kwa huruma, "hata mimi ungenitungia nzuri kuliko hiyo."

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Funguo za geti."

Daktari akazitoa mfukoni, akaziweka kwenye kile kiganja, huku bado akiapa.