Mstari wa Saba Hauna Jina

Jumatatu, 3 Machi 1958

Kozi imeanza leo, ukumbi wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, Nakuru. Tuko watu wanane tunaofunzwa kuwa walimu wa watu wazima: kusoma, kuandika na ufundi wa mikono. Kazi iko moja tu. Mwalimu wa kituo kipya, chumba chake, ufunguo wake. Wengine tutarudi tulikotoka. Mimi nilikotoka ni kibaraza cha duka la Mhindi, nyuma ya cherehani, miaka tisa ya kukanyaga pedali na kula vumbi la barabara. Pale naitwa "wewe". Sirudi!

Mkufunzi wetu ni Mwalimu Eucabeth, mama mfupi kutoka Nyanza, sauti ndogo. Amesema kila mmoja atafute wanafunzi wake, awafundishe saa kumi na moja jioni wakitoka kazini, na Ijumaa ya wiki ijayo mkaguzi atakuja kutazama. Amesema pia kwamba mtu mzima huingia darasani amebeba aibu, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumtafutia mahali pa kuitua. Wenzangu wote wameandika hayo. Mimi nimeandika: nunua miwani.

Jumatano, 5 Machi

Miwani nimepata sokoni. Vioo vyake havikuzi wala havipunguzi, lakini uso umekuwa uso wa Mwalimu. Mke wangu Wamuyu ameuliza kama naumwa na macho. Nikamwambia ni elimu. Akasema basi iniume polepole.

Nimepewa chumba cha tatu pale ukumbini. Wanafunzi wanne. Mmoja ni mzee Wanyoike, bawabu wa ghala la pareto. Alichelewa. Nikamsimamisha kwenye kona, kama nilivyosikia wanavyofanya misheni. (Mimi mwenyewe misheni sikusoma. Herufi nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana najua habari nyingi bila mwisho wake.) Mzee aliitazama kona. Akanitazama mimi. Akavaa kofia, akaniaga kwa heshima zote, akaingia chumba cha pili.

Chumba cha pili ni cha Kiplangat. Fundi wa ngozi, mtu wa Rongai, mshonaji wa matandiko ya farasi. Hana miwani. Hana tai. Ana wanafunzi kumi na mmoja! Mzee Wanyoike ndiye wa kumi na mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechungulia dirishani kwa Kiplangat. Kwa ajili ya elimu tu.

Aibu! Anakaa chini nao, kwenye benchi. Somo lilikuwa kusoma tepu ya kupimia nguo. Mwalimu anayejiheshimu angesema inchi ni hivi, futi ni hivi, kimya. Yeye akawaambia kina mama kwamba hilo hajui vizuri, je, wao nyumbani wanapima vipi? Wakacheka, wakamwonyesha shubiri. Akalaza tepu kando ya shubiri ya kila mmoja. Mmoja akasema mkono wake ni inchi nane, akautazama kama mkono mpya.

Mara tatu nimemsikia akisema hajui. Mara tatu! Na kazi anaitaka.

Nina mpango. Nimeandika tangazo kwa mwandiko wangu bora, wenye mikia: DARASA BORA KULIKO HILI. MWALIMU MWENYE MIWANI. CHAI YA MAZIWA NA MKATE. MLANGO WA TATU, JUMATATU. Jina langu sikuliweka, unyenyekevu. Nimelibandika kwenye mlango wa Kiplangat wote walipokwisha kutoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nilichemsha birika nzima. Nikangoja. Hakuna mtu. Chai ikaota utando.

Nikatoka kutazama. Watu wote wa Kiplangat wamesimama nje, mbali na mlango, wanalitazama tangazo langu kama nyoka. Mzee Wanyoike alikuwa akisema tangu Emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, hajaona karatasi ya mlangoni iliyoleta jambo jema, bora kila mtu arudi kwake mapema. Hapo ndipo nilipokumbuka. Hawajui kusoma.

Akaja Kiplangat. Wakamuuliza imeandikwa nini. Akawasomea! Yote, hata lile la DARASA BORA KULIKO HILI, kwa sauti, bila kuruka neno. Kisha akasema chumba chake kimejaa, anayependa chai aende, na wala hatamkasirikia. Mtu wa namna gani huyu? Watano wakaja kwangu. Mzee Wanyoike wa kwanza. Alisema anafuata mkate, si mimi.

Na watatu wa zamani wakawa wanane. Niliwatazama wakiingia, moyo umejaa. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mmoja mrefu, leso ya kijani. Nikavua miwani. Nikaivaa tena. Nikaruka nyuma ya ubao wa miguu mitatu.

Alikuwa mama yake Wamuyu.

Kwetu hata mtoto anajua. Mama wa mkeo humtazami usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Jina lake hulitamki, na mimi hata hapa kitabuni sitaliandika. Yeye ni mtu wa Kabazi, siku hizi anakaa kwa mwanawe kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi wa treni. Angejuaje? Tangazo lilisema mwalimu mwenye miwani, na mkwe wake hana miwani.

Naye aliniona. Nilisikia benchi likigeuzwa. Baadaye mzee Wanyoike aliniambia mama amekaa akitazama ukuta, mgongo kwa ubao, ametulia kabisa.

Nikafundisha kutoka nyuma ya ubao, mkono mmoja nje, umeshika chaki.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba Wamuyu amshawishi mama yake arudi kwa Kiplangat. Amekataa. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua. Baba yake, aliye kizuizini kambini tangu mwaka wa hamsini na nne, huandika barua. Mama huipeleka kwa karani wa stesheni, na karani husoma kwa sauti ya kuita treni, foleni nzima ikisikiliza. Barua ya mwisho imekuja wiki mbili zilizopita. Mama hajaipeleka popote. Ameishona ndani ya pindo la nguo yake. Amesema hii ataisoma mwenyewe au haitasomwa.

Katika nyumba yote anayejua kusoma ni mimi, na ni mimi peke yangu nisiyeweza kumsomea.

Nikauliza kwa nini basi asijifunze kwa Kiplangat. Wamuyu akasema mama anapendelea kwangu. Kwa Kiplangat wanatazamana, na yeye akikosea anataka kuzama. Kwangu mwalimu yuko nyuma ya ubao, haoni ni nani amekosea, na yeye yuko ukutani, haoni ni nani anayecheka. Hata wale wengine sasa wanajaribu kwa sauti kubwa. Leo walisoma ukurasa mzima.

Nilijua! Ni miwani.

Tatizo ni rejista. Mwalimu Eucabeth aliifungua jioni, akaona wanafunzi wanane na majina saba. Mstari wa saba mtupu. Akaniuliza. Nikasema ni mstari wa akiba. Akasema kesho kutwa mkaguzi ataita majina, nijiandae kuieleza vizuri hiyo akiba.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Mkaguzi alifika. Mzungu mrefu, kalamu ya wino. Jambo la kwanza, akasema ubao unaziba mwanga, usogezwe ukutani. Ukasogezwa! Nikabaki katikati ya chumba kama mti uliosahauliwa kukatwa. Nikageukia dirisha. Nikalifundisha dirisha. Nyuma yangu waliitikia vizuri mno. Mzee Wanyoike alisoma mistari minne na kuomba wa tano.

Kisha mkaguzi akachukua rejista, akaita. Wa sita akaitika. Akasimama hapo. Hii nani? Jina hapana? Mwalimu, nauliza wewe!

Nikaliangalia dirisha. Nje kulikuwa na mbuzi. Nilitamani kuwa yeye.

Nikasikia benchi likisogea. Hatua, taratibu, zikapita nyuma yangu hadi kwenye ubao. Chaki ikaanza kulia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Zikarudi hatua, benchi likapokea mtu.

Vema, akasema mkaguzi. Sasa mwalimu, geuka, soma.

Nikageuka. Ukuta na ubao tu mbele yangu. Jina lilikuwa pale, jeupe, herufi zinapanda kidogo kuelekea juu kama njia ya Kabazi. Hakuna hata moja iliyokosewa. Ile herufi ya kwanza niliifundisha mimi, kwa mkono mmoja.

Soma, mwalimu.

Kazi ilikuwa pale, ufunguo na chumba. Neno moja tu. Pembeni mwa jicho, mgongo wa mama yake Wamuyu ulikuwa umenyooka kama rula. Nikasema, bwana, hilo mimi sijui kulisoma.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. Mwalimu Eucabeth alimfuata nje kumweleza mambo ya mila. Akajibiwa wino umekwisha kukauka. Amenionyesha karatasi yenyewe: *Wanafunzi wanasoma vizuri sana. Mwalimu hajui kusoma.*

Kiplangat amepewa kazi.

Jumapili, 16 Machi

Wamuyu amerudi kutoka landhi za reli. Jana mama yake alifumua pindo. Alijifungia chumbani na barua kuanzia asubuhi hadi saa nane. Alipotoka hakumwambia mtu yeyote kilichoandikwa. Aliosha uso, akaomba karatasi tupu na kalamu. Ametuma neno kwangu kupitia Wamuyu: yule mwalimu wa nyuma ya ubao, aambiwe ahsante. Jina langu naye hakulitaja.

Nilitoka nje kidogo. Moshi wa jirani uliniingia machoni, miwani haikusaidia.

Kiplangat alipita jioni. Amesema kituo kina watu wengi kuliko anavyoweza, je, nitamsaidia? Atauweka ubao katikati ya chumba, mimi nikae nyuma yake kama nilivyozoea. Anasema hajui nilifanyaje na angependa nimfundishe. Bado anasema hajui! Nimemwambia nitafikiri. Kuwa msaidizi wa mtu asiye na tai?

Makosa yangu sasa nayaona wazi. Miwani ilikuwa midogo. Tangazo nalo lilikuwa fupi, na mwandiko haukuwa na mikia ya kutosha. Nafungua darasa langu mwenyewe. Nimeandika karatasi mpya, herufi kubwa kama viatu, nyekundu, na kesho alfajiri kabla ya cherehani nitaibandika sokoni: WOTE WASIOJUA KUSOMA, SOMENI HAPA.