Malaika Aliyesafisha Njia ya Orrin

Redio ya Verna ilikohoa, ikakwaruza, kisha mtangazaji akasema Jirani Mwema wa Wiki hajulikani ni nani. Alfajiri ile, tufani ikivuma kutoka ziwani, mtu fulani mwenye trekta ndogo alikuwa ameondoa theluji kwenye njia yote ya mzee Orrin Lahti, kutoka barabarani mpaka mlangoni, akaenda zake bila kungoja asante. Mzee Orrin anamtafuta.

Meza ya nyuma, pale kwenye kituo cha mafuta cha Verna, ililipuka.

"Nani huyo?" aliuliza Koleo. Huyu hajawahi kukubali mashine maishani mwake. Husukuma theluji kwa koleo pana la bati, na tangu Krismasi anatembea ameinama, akisema ndiyo staili yake mpya.

"Tulitazame kisheria," alisema Mahakama, ambaye aliwahi kushinda kesi moja ya mbwa na hajapumzika tangu hapo. "Mtu hasafishi njia ya mwenzake bila nia. Huyo anataka mke."

"Orrin hana mke."

"Basi anataka shamba."

"Shamba la Orrin ni mawe matupu na kulungu."

"Basi anataka mawe! Usinikatize."

Delbert Ojala alicheka mpaka kahawa ikampalia. Siku ile alikuwa na raha zake. Nje ya dirisha iliegeshwa trekta yake ya rangi ya machungwa, ndogo, nzuri, ina kabini yenye hita na bamba la chuma la kusukumia theluji. Tangu aipate, kijiwe chote kinamwita Trekta, na yeye akiitwa hivyo husimama wima kama aliyetajwa kanisani.

"Mimi leo nimepiga kazi, acheni," alisema. "Njia yangu imebaki changarawe tupu. Mke wangu Marlys anapeleka pasti kanisani asubuhi hii, atapita kama malkia."

"Apite tu," alisema Verna akimwongezea kahawa. "Asipopita, nasikia hilo dude linaondoka."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkosesha Delbert usingizi. Aliinunua trekta bila kumuuliza mkewe. Marlys hakugombana wala hakununa. Alisema tu: siku moja nikikwama ndani, siku moja tu, naiuza. Na Marlys akisema amesema.

"Lakini jamani," Verna akaendelea, "trekta ndogo zenye bamba hapa kwetu ziko ngapi? Ya mchungaji imekufa injini. Nyingine ni ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Delbert.

"Mimi?" Delbert aliruka. "Mimi nimsafishie Orrin? Yule mtia karoti?"

Hapo wote wakatikisa vichwa, maana kisa kilijulikana. Pasti ni nyama, viazi na kitunguu ndani ya unga, basi, kama walivyotuachia mabibi. Orrin alitia karoti kwenye pasti za harambee ya kanisa. Delbert akasema mbele ya waumini kwamba hiyo ni dhambi. Orrin akamjibu neno kuhusu upishi wa mama yake. Tangu hapo majirani hawa wawili, njia zao zikiwa zimelalana ubavu kwa ubavu, hawajasalimiana.

"Haiwezi kuwa Trekta," alisema Koleo. "Huyu hata mbwa wa Orrin hamsalimii. Halafu sikieni, eti Orrin mwaka huu amepanda kando ya njia vijiti vya rangi ya machungwa! Kama vya Trekta kabisa! Mtu mzima anaiga vijiti."

"Aliniuliza vya bei nafuu," alisema Verna. "Vilibaki vya machungwa tu."

Delbert akaweka kikombe chini. Kila mtu hapa, kabla udongo haujaganda, hupanda vijiti vya rangi yake kando ya njia, ili theluji ikifunika dunia ajue kwake kunaanzia wapi. Na Delbert, alipoichukua trekta kwenye ghala la kaka yake ng'ambo ya barabara, alifuata nini kwenye tufani ile? Vijiti vya machungwa. Akakumbuka kwamba alfajiri ile njia ilikuwa na kona mbili, na yake ina moja. Akakumbuka mbwa akibweka. Yeye na Marlys hawana mbwa. Akakumbuka pazia likisogea, na hapo akakataa kukumbuka zaidi.

Akajipa pole kimoyomoyo. Akisema ukweli, amepotea kwenye njia yake mwenyewe, na trekta inauzwa. Akinyamaza, atakuwa rafiki wa karoti.

Mlango ukafunguka. Akaingia Orrin Lahti, mrefu, masharubu yamejaa barafu, mkononi ana samaki wa moshi aliyefungwa kwenye gazeti.

"Delbert," alisema.

Verna alizima redio.

"Nimeiona trekta hapo nje," Orrin aliendelea. "Ndiyo ileile. Ni wewe."

"Aa, jambo dogo, bwana," alisema Delbert, sauti ikimtoka nyembamba. "Tenda wema nenda zako."

"Njia ya mwongo ni fupi," alinong'ona Mahakama.

"Ya Orrin si fupi," Koleo akamjibu. "Ile inapanda mpaka kilimani!"

Orrin hakuwasikia. "Miaka yote nilidhani unanichukia. Leo nachungulia dirishani, naona umefika mpaka barazani, umeshusha kioo, ukanipungia mkono. Kisha ukanirushia busu."

Mahakama alitema kahawa.

"Busu?" aliuliza Verna.

"Mawili," alisema Orrin kwa adabu.

"Yalikuwa ya kidini," alisema Delbert.

"Ya dhehebu gani?" Koleo alikuwa ameshaanguka juu ya meza. "Tuhamie!"

"Sasa nikamletea samaki," alisema Orrin, "na nimempa na shemeji lifti. Alivuka kuja kwangu kwa miguu, theluji kiunoni, maana njia iliyo wazi ni yangu tu."

Marlys akaingia. Theluji ilikuwa imemganda mpaka mkanda, kapu la pasti kichwani. Kijiwe kikasimama kwa heshima.

"Karibu shemeji."

"Kaeni," alisema, wakakaa. "Delbert. Nimekaa dirishani tangu alfajiri. Naiona taa ya trekta yetu inapanda taratibu, inashuka, inapanda tena, kwa jirani. Nikasema labda anapasha misuli."

Delbert alitaka kudanganya, uwongo ukamwishia. Aliipenda trekta ile, akaona aibu jinsi alivyoipenda.

"Nilipotea, Marlys. Vijiti vinafanana. Nilijua ni kwetu, nikajua ni wewe nyuma ya pazia. Nimechemka. Lakini nakuomba, usiiuze."

Kijiwe kizima kilipiga meza kwa vicheko. Orrin peke yake hakucheka. Alimtazama yule samaki mkononi mwake kama mtu aliyefika msibani siku isiyo yake.

"Kwa hiyo hukunisamehe," alisema polepole. "Ulikosea nyumba tu."

Vicheko vikafa. Delbert akamwona jinsi alivyozeeka.

"Karoti ni dhambi, Orrin, na kaburini nitasema hivyo," alisema. Kisha akavuta kiti. "Lakini kaa. Huyo samaki haliwi akiwa amesimama."

Orrin alikaa. Verna akamletea kikombe.

Marlys alitua kapu, akajipangusa macho akisingizia theluji. "Nimewaombea nyie wawili kila Jumapili, sijaona kitu. Hii mashine imewapatanisha kabla ya chai ya asubuhi. Basi trekta haiuzwi."

Delbert alishusha pumzi mpaka mabega yakamlegea.

"Anauzwa dereva," alimalizia Marlys.

"Shemeji, usijisumbue," alisema Koleo. "Huyo hata tukimnunua, atajipeleka kwa jirani."