Kioo cha Bafuni na Wageni wa Jumapili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari kubwa! Jumapili Alexis anakuja na wazee wake kumposa binti yetu Raïssa. Wanaishi Area 36, Lilongwe, wana duka lenye friji mbili. Mbili! Sisi hapa kambini Dzaleka tuna sebule ambayo ukinyoosha miguu unagusa mlango.

Mathilde, mke wangu, alipokea habari kwa utulivu wa fundi cherehani. Akachukua tepu, akampima Raïssa, akasema atamshonea gauni kwa kile kitenge cha bluu alichokitunza tangu Pasaka. Kwangu mimi aliomba jambo moja tu. Nitengeneze viti, maana viwili vinayumba.

Viti! Mtu aliyefundisha jiografia Bukavu miaka kumi na moja haombwi viti. Mimi nafikiria nafasi.

Mchana nikaona video kwenye simu. Mwanamke fulani kachukua kioo kizee cha bafuni, kakivalisha fremu ya vitambaa, kakitundika sebuleni. Chumba kikawa kikubwa mara mbili! Bila tofali hata moja!

Lazima niandike pia sababu ya pili, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Sinzinkayo, jirani yetu Mrundi tunayegawana naye ukuta, ametengeneza dari la magunia ya mchele na kulipaka rangi ya mawingu. Sasa kila mgeni akiingia kwake anatazama juu na kusema "eeeh". Ile "eeeh" inapita ukutani. Nimeichoka.

Nimempigia Jean-Paul, tuliyesoma naye. Yuko Chinsapo, Lilongwe, siku hizi, anafanya kibarua cha kubomoa nyumba za zamani mjini. Anacho kioo! Kilitoka bafuni kwa mtu. Anasema nikifuate haraka, mke wake amechoka kukizunguka.

Viti, kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Lilongwe na kurudi. Kioo ni kikubwa kuliko nilivyodhani: kinaanzia magotini kwangu na kuishia kidevuni. Kando kando kimeota madoa meusi. Chini kina kirafu cha kuwekea miswaki, kimegandishwa na kinakataa kutoka. Jean-Paul alieleza kwamba madoa ni dalili ya umri na yanaleta heshima. Nilikubali. Hata mimi ninayo.

Niliposhuka barabarani nikatafuta kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Waendesha baiskeli watatu walinikataa kwa adabu. Wa nne alikubali kunibeba mimi, si kioo. Basi nikatembea, kioo mgongoni, kimefungwa kwa kamba, uso wake nje.

Kuingia kambini, nikasikia miguu nyuma yangu. Nikachungulia. Akina mama saba! Wananifuata kwa mwendo wangu huo huo, wakitabasamu! Miaka kumi na miwili niko Dzaleka, na sijawahi kufuatwa na mama hata mmoja. Nikatoa kifua mbele. Nikapunguza mwendo, wasichoke. Nikapitia sokoni kwa makusudi, ingawa si njia yetu.

Karibu na bomba la maji, mmoja akaniomba nisimame kidogo. Nikasimama. Nikasafisha koo. Akafunga kilemba chake upya, akakisawazisha upande wa kushoto, akasema zikomo, yaani asante, akaenda zake.

Nikarudi nyumbani kwa njia fupi.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya fremu. Gundi: nimepika uji mzito wa unga wa muhogo. Kadibodi: nimepata. Vitambaa: Mathilde ana kikapu kizima cha vipande vilivyobaki kwa wateja, naye alikuwa kanisani na kikundi cha akina mama. Juu kabisa ya kikapu nikakuta kipande cha bluu, kimekunjwa vizuri. Kizuri kuliko vyote! Nikakata mikanda minne mipana. Nikabandika. Nikarudi nyuma hatua mbili (ukuta ulinizuia) nikajisifu.

Saa kumi Mathilde akarudi. Akatazama kioo. Akatazama kikapu. Hakupiga kelele. Aliketi tu, mkono shavuni.

Kilikuwa kitenge cha Raïssa.

Raïssa alilia, akaingia chumbani. Nilimweleza kupitia pazia kwamba bluu inakubaliana sana na madoa. Haikusaidia. Msichana ambaye hajaniomba kitu tangu tuingie nchi hii, naye alikuwa na kitambaa kimoja. Nilikaa nje kwa muda, nikijiita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika.

Mathilde amekata upya. Mikono mirefu itakuwa mifupi, na mikanda ibaki ilipo kwa kuwa gundi imeshaiharibu. Jumapili binti yangu na kioo watavaa sare.

Baadaye kidogo nilianika kioo nje, na kuku wa mtaani wakagundua gundi yangu. Wamekula upande wote wa kushoto. Kisha jogoo akamwona jogoo mwenzake ndani ya kioo, wakapigana dakika kumi. Huko nako matokeo ni sare.

Nimebandika upya.

Alhamisi, 7 Agosti

Kutundika. Kioo kizito kinataka msumari mrefu. Nilipata wa inchi sita. Ukuta wetu ni wa matofali ya udongo, uliupokea kama siagi. Niligonga mara nne kwa furaha.

Mara hodi! Sinzinkayo mlangoni. Akaniarifu kwamba msumari umetokea kwake, katikati ya kalenda, tarehe kumi na tano. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Akanikatiza. Alikuja kushukuru! Siku nyingi alikuwa anakosa pa kutundika kofia. Alikuwa ameshaitundika.

Nimemrembeshea adui nyumba.

Lakini kioo kiko juu! Kwenye kirafu cha miswaki nimepanga maua ya plastiki. Na chumba kweli kimekuwa mara mbili. Meza mbili! Taa mbili! Ndoo nne! Viti vinne vinavyoyumba! Mathilde alisimama katikati, akatazama huku, akatazama kule, akasema kwamba sasa tuna nyumba mbili za kimaskini.

Si kila mtu ana maono.

Ijumaa, 8 Agosti

Tatizo dogo.

Leo nilikaa kwenye kiti atakachokalia baba yake Alexis, nione atakachoona. Kiti kinatazama kioo. Mlango uko wazi nyuma ya kiti. Na ndani ya kioo, kupitia mlango, katikati kabisa ya fremu yangu ya bluu, kimeonekana choo cha majirani wa ng'ambo ya njia. Kizima. Kama picha ya mtakatifu. Mlango wa choo ukafunguka, akatoka bwana mmoja akifunga mkanda. Akaniona. Akanipungia mkono. Nami nikapungia kioo.

Nikazipitia njia zote. Kuhamisha kioo: msumari mwingine, na Sinzinkayo atapata pa kutundika koti. Kufunga mlango: giza, maana dirisha letu ni la kupitisha paka. Pazia: Mathilde amenikataza kugusa kitambaa chochote maisha yangu yote. Yeye ana pendekezo lake, kwamba nikitoe kioo. Nimelisikiliza kwa heshima.

Kisha wazo likanijia. Mimi mwenyewe! Jumapili nitasimama mlangoni, kama mwenye nyumba anayewalinda wageni wake. Nimejipima. Nikivaa koti langu la harusi bila kufunga vifungo, nafunika choo chote isipokuwa bati la juu.

Nani mwingine angefikiria hilo?

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezi ya kusimama. Saa nzima. Goti la kulia limelalamika.

Gauni limekwisha. Raïssa alilivaa, akajizungusha mbele ya kioo. Amekuwa mzuri kiasi kwamba niliogopa kidogo. Halafu akanijia, akaniomba kwa sauti ya chini kwamba kesho nisiongee. Si kwamba nisiongee sana. Nisiongee kabisa. Nikamwahidi. Baada ya mambo ya kitenge, ningemwahidi hata kuhama.

Viti, kesho asubuhi kabla ya kanisa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa lilianza mapema. Viti vimebaki vilivyo.

Wamefika saa nane. Alexis anatoka jasho kwenye tai. Baba yake, mzee Sylvain, mtu wa Fizi, mrefu, wa maneno mazito. Na shangazi yake Alexis, mama Kabibi, mnene na mwenye macho ya kuona kila kitu. Wakaketi kutazama kioo. Mathilde na Raïssa wakakaa chini ya kioo, kuwatazama wageni. Mimi mlangoni, koti wazi, nimefunika choo. Mzee Sylvain alipata kiti kinachoyumba, akayumba nacho kwa heshima.

Mama Kabibi akamtazama Raïssa, akatazama fremu, akarudi kwa Raïssa.

"Na hiki kioo ni mutoto wa hapa?" akauliza. "Naona bamevaa sawa na dada yake."

Mathilde akajibu kwamba ndiyo, njo mkubwa, ndiye wa kwanza.

Kisha mzee Sylvain akaanza hotuba. Alianza na babu yake. Kila sentensi mbili anakohoa mara mbili, anapandisha kidole, anasema: "Kwa hiyo, kwa kifupi." Halafu anarudi kwa babu. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini! Tulikuwa bado Fizi, hatujavuka ziwa.

Mimi kimya, kama nilivyoahidi. Lakini nimezaliwa na uso usiotulia. Kwenye "kwa kifupi" ya tisa, kidole changu kikapanda chenyewe. Nikajiona kwenye kioo, kule nyuma ya vichwa vya wageni. Nilifanana naye! Nikakohoa mara mbili bila sauti. Bora zaidi! Nikavimbisha mashavu. Nikayumba kama niko kwenye kile kiti. Mathilde akanitolea macho. Nikasema moyoni, anazuia kicheko, maskini. Nikaongeza mkono unaofungua na kufunga kama mdomo wa bata. Mabega ya mama Kabibi yakaanza kutetemeka. Nikadhani hotuba imemliza.

Halafu hotuba ikakatika.

Kidole cha mzee kiko hewani. Changu pia. Kwa mara ya kwanza nikaacha kujitazama, nikawatazama wengine kwenye kioo. Mzee Sylvain alikuwa ananitazama usoni. Alexis pia. Mama Kabibi pia. Nyuso zote zimepangwa ndani ya fremu ya bluu, na katikati, vizuri kabisa, mimi, mashavu yamevimba.

Raïssa alikuwa anatazama sakafu. Mikono yake imeshika gauni kwa nguvu. Niliona maisha ya mtoto wangu yanavunjika, na mimi ndiye nyundo. Wakati ule ningefurahi sana choo kionekane badala yangu.

"Papa Raïssa," akasema mzee, bila kugeuka, akiongea na kioo. "Endelea."

"Papa?" Alexis akamuuliza baba yake.

"Kikohozi umekifanya muzuri. Lakini kidole, miye nakipandishaka juu zaidi."

Mama Kabibi akalipuka. Alicheka hadi kiti chake, cha pili kati ya vile viwili, kikakunja mguu na kumweka chini taratibu. Akaendelea kucheka hapo hapo sakafuni.

"Miaka makumi tatu nasikiaka hii 'kwa kifupi'!" akalia. "Leo njo Mungu ametuma mutu wa kumuonesha!"

Alexis akafuata. Mzee mwenyewe bega moja likaruka, likaja la pili, akatoa leso. Raïssa alikuwa anafuta machozi, sijui ya aina gani. Nikakimbia kumnyanyua mama Kabibi na kuomba radhi kwa ishara za mikono. Hapo nikawa nimeacha mlango.

"Na ule ni nani?" mzee akauliza, akionyesha kioo.

Yule bwana wa ng'ambo, akitoka, akifunga mkanda. Akapunga mkono. Mzee Sylvain naye akampungia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mzee alimaliza kwa sentensi moja, nadhani ya kwanza fupi maishani mwake: wanamtaka binti huyu, na wanaitaka familia hii kwa kuwa haitawachosha. Raïssa alipoulizwa, akasema ndiyo kabla mama yake hajamaliza swali. Mama Kabibi akatangaza faini yangu kwa kosa la kumwiga mukwe: kioo. Wameondoka nacho, kiko mgongoni kwa Alexis, uso nje. Nilisimama njiani kuona. Akina mama watano walikuwa wanamfuata.

Mathilde alingoja wapotee, ndipo akacheka hadi akashika ukuta. Raïssa akanishika mkono, akakiri kwamba ahadi niliitimiza. Sikutamka neno.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafakari kwa makini, kama msomi, kosa langu lilikuwa wapi. Mathilde anasema ameandaa orodha. Haina haja. Nimelipata mwenyewe, na ni moja tu.

Kioo kilikuwa kimoja! Mimi nilikuwa nakitumia kujitazama, basi wageni nao ningewatazama kwa kipi? Kingekuwepo cha pili, ningejua mapema kwamba wananiona, na ningeshusha kidole kwa wakati. Aibu yote ile imeletwa na uhaba wa vioo.

Saa tatu nimempigia Jean-Paul. Amepata kazi mpya ya kubomoa, nyumba ya wageni ya zamani mjini. Kila chumba na bafu lake. Vioo kumi na vinne!

Kesho alfajiri niko njiani. Hesabu iko wazi kabisa: kimoja cha kujitazama, kumi na vitatu vya kuwatazama wageni.