Fahali wa Endulen na Viatu vya Mwenyekiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye inasemekana yuko njiani. Waheshimiwa viongozi wa dini, wa mila na wa ushirika. Wazee wa Endulen mlioteremka tangu alfajiri. Akina mama, vijana, na ninyi mlioingia na mbuzi ingawa tangazo lilikataza: hamjambo! (Hatujambo! Mbuzi nao wanaitikia.)

Mimi, Patrisi, Mwenyekiti wa Kamati ya Filamu ya Nyika na Jiji, ninasimama mbele yenu hapa Karatu, kwa unyenyekevu mkubwa ambao ni wachache waliojaliwa kuwa nao, ili kuzindua filamu ambayo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, itawachekesha wadau kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi.) Stori yake ni nyepesi lakini ya kimkakati: mfugaji wa Endulen anaingia Dar es Salaam na fahali wake, anaiogopa lifti, anaisalimia sanamu ya dukani, anamnywesha fahali katika bwawa la kuogelea la hoteli, na mwishowe jiji linamfundisha ustaarabu. (Kicheko. Tajewo, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, mimi nimelinda geti Dar miaka mingi! Lifti niliizoea. Aliyekwama ndani akalia ni bosi wangu!" Kicheko kikubwa zaidi.)

Ahsante, ndugu Tajewo, mhusika wetu mkuu. Maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Ndugu huyu, kwa uzalendo wa hali ya juu, aliikabidhi Kamati fahali wake mwekundu, dume pekee wa boma lake, ili waigize pamoja. (Nanyokie, mke wa Tajewo, anasimama: "Ulisema mtamrudisha kabla ya mvua. Mvua imenyesha, mitamba wanamsubiri. Yuko wapi?") Mama, swali lako ni zuri sana, na litajibiwa katika muktadha wake.

Kwanza mfahamu mateso niliyoyapata katika kutafuta lokesheni, yaani mahali pa kupigia picha. Nilifika Endulen mimi mwenyewe, kwa suti, na kwa viatu hivi vyenye ncha. Watoto wote wa boma wakanijia, wakainamisha vichwa mbele yangu, wakangoja. Nikatambua papo hapo kwamba hawajawahi kuona viatu vya namna hii. Nikanyanyua mguu mmoja ili wavione vizuri, kisha nikanyanyua wa pili. (Kicheko. Bibi Resiato: "Walitaka uwaguse vichwani, baba! Ndiyo salamu yetu! Waliinama mpaka shingo zikauma!") Jambo hilo halikuwamo katika mwongozo wa Kamati. Vilevile si kweli kwamba nilikimbizwa na ndama. Nilikuwa nikipima urefu wa lokesheni, kwa kasi. (Mtu mmoja anaanguka kutoka kwenye benchi.)

Ndugu wananchi, kazi imefanyika. Kamati imekaa vikao, imepata semina elekezi, imejengewa uwezo, imeafikiana kuhusu rangi ya tikiti na upana wa zulia jekundu. Hivyo basi, itikieni nami: Nyika na Jiji! (Pamoja!) Utamaduni! (Mtaji!) Fahali! (Nanyokie: "Yuko wapi?")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi aliyetundika shuka hili jeupe, ambalo leo litabaki jeupe, kwa kuwa mwandishi wa filamu bado hajateuliwa, na kamera bado iko katika hatua ya kufikiriwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru fahali wa ndugu Tajewo, ambaye Kamati, katika kikao chake cha mwisho, ilimpitisha kwa kauli moja, pamoja na ndizi na pilipili.

(Wazee wanainuka. Hata mbuzi.)

Wazee, mbona mnasogea? Mbona mnaitazama miguu yangu? (Nanyokie: "Vua hivyo viatu, baba. Vitakaa bomani mpaka utuletee dume mwingine, na utamleta mwenyewe, kwa miguu. Safari hii watoto wakiinama, uwaguse vichwani.") Mama, tafadhali, mimi ni mtu wa mjini, na kule kuna miiba!

(Tajewo, akilivuta benchi mbele: "Kaeni, jamani, kaeni! Filamu inaanza.")