Daftari Safi la Mashine ya Zege

Jumatatu, 3 Machi

Wakaguzi wa ithibati wanakuja Alhamisi. Watatu, kutoka nchi tatu. Wakiridhika, shahada yetu ya uhandisi wa ujenzi itatambuliwa kwao kama inavyotambuliwa hapa, kuanzia waliomaliza mwaka jana. Wasiporidhika, itabaki karatasi nzuri ya kutundika sebuleni. Mimi ndiye Mratibu wa Ubora wa idara. Cheo hiki nilipewa kwenye kikao ambacho sikuhudhuria.

Mpwa wangu ni mmoja wa waliomaliza mwaka jana. Kampuni ya madaraja ng'ambo ya mpaka imemshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi, wakisubiri hiyo ithibati. Dada yangu amenipigia asubuhi. Hakuniuliza hali. Kasema nikimharibia mwanawe nisikanyage kwake.

Nimekagua maabara. Kila kitu kinang'aa, isipokuwa daftari la mashine ya kuvunjia zege. Mashine hii hubana kipande cha zege hadi kipasuke, kisha husema kimebeba uzito gani. Fundi sanifu wetu ameandika humo mabaya yake yote kwa miaka mitano. "Leo imegoma." "Leo imevuja mafuta." "Leo imesema uongo." Kurasa zina alama za vidole vyeusi. Mtu mzima, miaka thelathini kazini, hajui kuficha aibu ya nyumbani!

Jumanne, 4 Machi

Bwana Umeme ni mratibu wa idara jirani. Wao walipata ithibati mwaka jana, na cheti amekitundika ukutani mkabala na mlango wangu, usawa wa macho yangu. Leo alikuja kunitakia heri huku akikinyoosha. Hakikuwa kimepinda. Akanishauri niwaonyeshe wakaguzi udhaifu wetu, maana wanachotaka kujua ni jinsi tunavyoushughulikia.

Nikamshtukia. Mtu aliyekwisha pata anakushauri ujianike mbele ya wageni? Nikafanya kinyume chake.

Nimenunua daftari jipya, jalada gumu. Nimejifungia ofisini tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila Jumatatu kwa miaka mitano, bila kuruka hata moja: "Mashine nzima. Vipande sita vimevunjwa. Hakuna tatizo." Mwandiko wangu unapendeza, sitaki kujidai. Mkono umekufa ganzi. Daftari la zamani nimelichomeka chini ya mto wa kiti changu. Kiti kimenyanyuka kidogo. Nikikaa najiona profesa.

Jumatano, 5 Machi

Fundi sanifu kaulizia daftari lake. Nikamwambia limepelekwa kujalidiwa. Akanishukuru sana. Alisema hakuna mtu aliyewahi kulijali. Shukrani yake imenikaa vibaya.

Mchana mpwa wangu akaja, maana wakaguzi wameomba kuonana na mhitimu mmoja. Nikamfundisha la kusema: mashine haijawahi kusumbua. Kisha akasema, mjomba, mwaka wetu mashine ilidanganya, na ndipo nilipojifunza kazi. Zege dhaifu lilikuwa likisomeka imara. Yeye akatilia shaka, akaenda na fundi kuvunja vipande vya zege hilohilo kwenye mashine ya chuo kingine, wakahangaika wiki mbili hadi wakaona kosa liko wapi. Nikamwambia hayo ndiyo hasa asithubutu kuyasema.

Akaniuliza kama daraja atakalojenga huko litajua alisoma nchi gani. Nikajibu kwamba daraja halitajua ila mwajiri atajua. Akatabasamu, lakini si kwa furaha.

Nimelifikiria hilo muda mrefu. Nimefundisha miaka kumi na tisa. Kila mwaka naulizwa wamemaliza wangapi. Sijawahi kuulizwa wanaweza nini, na mimi mwenyewe sijawahi kuuliza. Nimesononeka kama dakika kumi hivi. Halafu nikaenda kufuta vumbi kwenye meza ya wageni.

Alhamisi, 6 Machi

Kiongozi wa wakaguzi ni mama mfupi, mhandisi wa mabwawa, sauti ya upole. Walikaa ofisini kwangu na mafaili. Akafungua daftari langu. Akasifu mwandiko. Nikavimba kichwa.

Kisha akauliza ni nani aliyekuwa akivunja zege ile miezi mitatu chuo kilipofungwa baada ya mafuriko. Jumatatu kumi na tatu, vipande sita kila moja. Nikasema tuna watu wenye bidii. Wenzake wawili wakaacha kuandika.

Akaitwa fundi sanifu. Akalitazama, akasema kwa heshima kwamba hili si lake, lake liko kwa mjalidi. Macho yote kwangu. Mama mkaguzi akaniomba nisimame nimpe faili lililokuwa rafuni nyuma yangu. Nikasema mgongo unanisumbua. Akasema pole, akasubiri. Nikasimama. Mto ukateleza, na daftari likaanguka miguuni pa fundi.

Aliliokota, akalipangusa kwa mkono wa shati. Ningetamani anitukane.

Walilisoma saa nzima. Wakamwita mpwa wangu, wakanitoa nje. Nikasimama ukumbini, macho kwa macho na cheti cha Bwana Umeme. Kupitia mlangoni nilimsikia mpwa wangu akieleza, taratibu, akigongagonga meza kuonyesha zege linavyopasuka. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile. Nilimwonea fahari, na nilijionea haya, vyote kwa pamoja.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepata! Kwa kawaida ni miaka sita, sisi wametupa mitatu. Mkuu wa idara alitusomea ripoti. Daftari la fundi sanifu ni ushahidi bora kuliko wote waliouona mwaka huu, na mhitimu aliyegundua kosa la mashine anaweza kufanya kazi nchi yoyote kati ya zao. Sharti ni moja. Mratibu wa Ubora asiguse kumbukumbu yoyote bila saini ya fundi sanifu.

Dada amepiga simu. Mtoto anaondoka wiki ijayo. Safari hii kaniuliza hali.

Nilikwenda maabara kuomba radhi. Fundi akasema hata mashine iliposema uongo hawakuitupa. Akaendelea kuandika. Alipoinuka nikachungulia. "Leo mratibu amesema uongo. Marekebisho yanaendelea."

Machozi yalinilengalenga. Nimeapa kubadilika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari siku mbili nzima, kwa uaminifu. Sasa naona nilikosea wapi. Nilikosea kuandika mazuri, kumbe wakaguzi wanapenda mabaya. Tena nilitumia kalamu moja, na sikuangalia kalenda.

Watarudi baada ya miaka mitatu. Safari hii sitakurupuka. Nimenunua daftari jingine, kalamu tano tofauti na kalenda ya mwakani. Nimechota mafuta meusi ya mashine kwenye kifuniko cha chupa, kwa ajili ya alama za vidole. Ya saini ya fundi nitayafikiria baadaye.

Nimejifungia tangu asubuhi na kazi inakwenda vizuri. Nimefika Agosti ya mwakani. Tarehe kumi na tatu mashine itasema uongo, mwanafunzi mmoja atatilia shaka, na sote tutajifunza mengi.