Ofisi ya Wilaya Kati ya Kabati na Kitanda

Jumatatu, 8 Januari

Kibonge amelala. Naandika haraka kabla hajashtuka.

Hali mbaya. Jana tukiwa tunakunja nepi, mama mkwe alitangaza kwamba Jumamosi anarudi kwake. Nyumba yake ina kufuli tangu Kibonge azaliwe, na sasa panya ndio wenye nyumba. Nikamwambia tutamkumbuka sana. Akasema nisimsemee Kibonge, kwa kuwa anaondoka naye. Mtoto wa kutambaa hawezi kuachwa kwa majirani eti mama yake yuko ofisini anagonga mihuri. Nitarudishiwa akishajua kujisemea mwenyewe.

Nikampigia mume wangu. Ni dereva wa lori, na mambo yakichacha huwa yuko mahali pasipo na mtandao. Alisema sisi wawili ni watu wazima, tutaelewana. Kisha mtandao ukakatika. Nina hakika aliukata kwa kidole.

Sikulia. Nilienda nikaosha chupa za mtoto ambazo zilikuwa safi. Kisha nikarudi kwa mama mkwe nikamwuliza: je, kama nitakuwa nafanya kazi hapa hapa nyumbani? Akanitazama. Akasema hapo basi, yeye ana ugomvi gani na mtoto aliyekaa na mama yake.

Na leo, bahati iliyoje, kikao kizima cha ofisi ya elimu ya wilaya kilikuwa juu ya jambo hilo hilo! Wakubwa wameagiza tujaribu. Bosi hataki. Alisema ofisi ya elimu ni ya kuonekana. Mzazi anatoka kwake asubuhi aje aone uso wa mtu, siyo aambiwe uso uko kwao umejilaza. Takwimu, yule wa meza ya mbele yangu anayetunza hesabu za wanafunzi, akasema namba hazijali zimejumlishiwa kwenye kiti gani. Mlinzi akauliza kama na yeye anaruhusiwa kulinda akiwa kwake. Watu wakacheka hadi Bosi akagonga meza.

Uamuzi: mtu mmoja atajaribu, kuanzia kesho hadi Ijumaa. Kazi isipolala, tutaendelea. Sharti awe na chumba chake cha kazi, kimya, chenye mlango.

Tulinyoosha mkono mimi na Takwimu. Nikakumbusha kikao, kwa upole tu, kwamba Takwimu akipiga simu kutoka kwake jogoo huwa anachangia mada. Kisha nikaeleza chumba changu. Nilisema kina dirisha. Nilisema kina pazia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyokipenda. Nimepewa mimi!

Tunakaa vyumba viwili. Lakini kati ya kabati na kitanda kuna nafasi nzuri sana.

Mama mkwe nimemwambia nimeruhusiwa. Kwamba ni majaribio sijamwambia. Ametoka kwenye hasira jana tu.

Jumanne, 9 Januari

Siku ya kwanza ofisini kwangu! Kimeza cha pasi, kompyuta ya ofisi, pazia limetundikwa mbele ya kabati ili Bosi asione nguo. Juu nimevaa blauzi ya kazi. Chini kanga. Hakuna anayenitazama chini.

Bosi akapiga simu ya video. Nikamsalimia kwa sauti ya chumba chenye mlango. Kibonge akaja kwa magoti kama askari, akashika pindo la pazia na kuning'inia. Likashuka lote. Nikamweleza Bosi kwamba hizo nyuma ni sare za maonyesho ya wanafunzi. Akauliza kama wanafunzi wetu wanavaa sidiria.

Kumbe tatizo la kazi ya nyumbani ni kwamba unaonekana upo nyumbani. Mama mkwe alinipa vitunguu nimenye, kwa kuwa nimekaa. Fundi cherehani wa jirani akaniomba nimwangalizie sufuria, kwa kuwa nipo. Nikasema niko kazini. Akachungulia huku na huku, akaniuliza kazini wapi.

Hata hivyo barua za uhamisho wa wanafunzi nimeziandika nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka jana. Kibonge alilala miguuni pangu, shavu kwenye unyayo wangu, nikaogopa hata kukuna. Nikajisemea moyoni: hii ndiyo kazi.

Kisha nikakumbuka mhuri.

Mhuri! Barua ya uhamisho isiyo na mhuri hakuna mwalimu mkuu atakayeigusa. Na mhuri upo mezani kwangu ofisini, umefungwa kwa kamba ili usitembee. Ningeweza kumwomba Takwimu anigongee. Lakini namjua. Angesema kwa utaratibu sana: dada, kumbe bado unahitaji ofisi?

Hapana. Nina mpango.

Jumatano, 10 Januari

Mpango umekwenda vizuri, karibu wote.

Nilifika ofisini wakati wa chakula, watu wametoka. Nilisema nimekuja kuchukua mwavuli. Nikakata kamba kwa meno, mkasi sikuuona. Mhuri na kidau cha wino nikavitia ndani ya mfuko wa nepi za Kibonge, chini kabisa. Getini mlinzi akasema tangu jana ana amri ya kupekua mifuko, vifaa visitoroke. Akafungua, akaingiza mkono, akakutana na nepi ya asubuhi niliyosahau kuitupa. Akafunga mfuko mwenyewe. Akanitakia safari njema.

Nyumbani nikagonga barua zote. Raha ya ule mlio! Nikaenda kuangalia maji jikoni, dakika tu. Kurudi, Kibonge ameketi na mhuri mikononi. Amegonga ukuta. Amegonga godoro. Amejigonga paja lote: IMEPOKELEWA, IMEPOKELEWA, IMEPOKELEWA. Kitambaa cheupe cha mama mkwe, kile cha kutokea, kimepokelewa pia, katikati, panapokaa utosini kabisa.

Wino wa serikali hautoki. Nimesugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa machozi. Kibonge anacheka, anadhani namtekenya.

Mama mkwe aliangalia kitambaa chake muda mrefu. Akaniuliza kama hivi ndivyo tutakavyoishi sasa. Nikasema tutazoea. Akasema yeye hazoei, yeye anaondoka Jumamosi, na bado hajaamua anaondoka na nani.

Alhamisi, 11 Januari

Asubuhi nimefungua mlango, kuna baba na binti yake wamesimama na begi la shule. Wamekuja kwa ajili ya uhamisho. Nikauliza nani kawaelekeza. Akasema kijana mmoja mpole sana pale ofisini, anayetunza hesabu za wanafunzi, aliwaambia mhuri haupo, upo kwa dada fulani, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Akawachorea na ramani.

Takwimu! Ramani!

Nilitaka kuwarudisha. Lakini binti alikuwa amevaa sare mpya ya shule ambayo bado haijamkubali, anaikung'uta vumbi kila mara. Ningemwambia nini, arudi kesho? Nikagonga. Baba akashukuru, akatoka, nikasikia anawaambia wengine: ndiyo, ni hapa.

Kufika saa nne fundi cherehani amelazimika kutoa benchi lake. Kufika saa sita amelazimika kutoa na la pili. Watu wanaingia kupitia jikoni. Mmoja alifunika uji uliokuwa unafurika, Mungu ambariki. Kibonge amekuwa akipita kutoka paja hadi paja bila hata kunitafuta, nikaona wivu kidogo.

Ndipo mama mkwe alipoinua kiti chake barazani akakiweka mlangoni. Hakuombwa. Akaanza kuuliza kila anayekuja: una barua ya shule unayotoka? Una picha ya mtoto? Hii picha mbona ya mtoto mwingine? Asiye na karatasi anarudishwa kabla hajanifikia. Mwalimu mkuu mmoja, mwenye tai, alijaribu kupita pembeni. Alielezwa kwamba tai siyo karatasi.

Jioni foleni imekwisha yote. Ofisini haijapata kuisha tangu niajiriwe. Mama mkwe alinyoosha miguu, akasema watu wa siku hizi hawajipangi, na akaniuliza tunafungua saa ngapi kesho.

Nimeamua kutomwambia Bosi chochote. Kazi haijalala. Si ndivyo alivyotaka?

Ijumaa, 12 Januari

Sijui nianzie wapi.

Ofisini leo hakukuwa na mzazi hata mmoja. Bosi alidhani wazazi wamesusa kwa sababu ya yale majaribio. Kisha akatafuta mhuri, ana ripoti inayotakiwa juu leo leo. Akaikuta kamba. Takwimu, kwa masikitiko makubwa, akamchorea ramani.

Mimi ndani sijui hili wala lile. Nasikia tu mama mkwe nje anamwambia mtu akae mwisho wa benchi kama wenzake. Mtu huyo akasema yeye ni mkuu wa ofisi. Mama mkwe akamjibu kwamba leo asubuhi wamepita wakuu wengi, na wote walikaa. Akampa Kibonge amshikie, maana alikuwa na mikono mitupu.

Alikaa. Bosi wetu alikaa kwenye benchi la fundi, mwanangu pajani, kati ya mama mwenye mapacha na mzee aliyekuwa akieleza kwamba ofisi ya wilaya siku hizi imekuwa nzuri sana, mtu huzungushwi, tena unapewa na maji ya kunywa. Zamani, alisema mzee, ilikuwa imejaa wavivu wakiongozwa na mvivu wao. Bosi akamuuliza huyo mvivu yukoje. Mzee akasema hajawahi kumwona, hayupo kamwe.

Zamu yake ilipofika aliingia, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa. Nikasimama. Kanga ikasimama nami.

"Hicho chumba cha kazi kiko wapi?" aliniuliza.

"Umekikalia, Bosi," nikasema. Alikuwa kwenye kitanda.

Hakupaza sauti, heri angepaza. Alisema barua nilizotoa hazina kosa hata moja, amezisoma za watu wawili pale benchini. Kisha akasema mhuri wa serikali haulali nyumbani kwa mtu, na uongo ni uongo hata ukifanya kazi nzuri. Majaribio yamekwisha. Jumatatu mezani kwangu, pamoja na mhuri. Akagonga ripoti yake mwenyewe, akamrudisha Kibonge, na mbele ya suruali yake, pale mtoto alipokuwa ameshika baada ya kuchezea kidau, palikuwa na vidole vitano vya bluu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia yote. Neno "majaribio" pia.

Jumamosi, 13 Januari

Sanduku lake lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Nguo za Kibonge zimekunjwa kando, vizuri kuliko ninavyozikunja mimi.

Nilikuwa na mpango wa kusema nina homa. Nilikuwa na mwingine wa kuficha viatu vyake. Lakini nilipoona vile visoksi vimewekwa kimoja ndani ya kingine, mipango yote ilinitoka kichwani. Nikakaa chini sakafuni.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilijua ni siku chache. Kwamba niliogopa. Kwamba nachoka kiasi kwamba kuna siku nasahau kama nimekula, lakini nikirudi jioni na huyu mtoto akanipandia kifuani na yale mate yake, ndipo najua siku imekuwa na maana. Kisha nikasema lililobaki:

"Mama, nakuheshimu. Lakini mtoto haendi. Nitambeba mgongoni hadi kwenye ile meza, wanifukuze naye."

Alianza kuzitoa nguo za Kibonge, moja moja, akizirudisha kwenye kabati. Nikadhani anaondoka peke yake, nikaanza kulia upya kwa ajili ya hilo.

Akasema pale kwake hakuna anayemwuliza kitu. Asubuhi anafagia, mchana anaangalia pale alipofagia. Na hapa kuna yule mama wa mapacha, ambaye yeye mwenyewe alimwagiza arudi Jumanne na picha.

"Akija akakuta sipo, ataniona mtu wa namna gani?"

Panya wakae tu, amesema. Atabaki, na mtoto atabaki naye nikiwa kazini. Ila sharti moja: nisimfiche tena kitu, hata kidogo, hata kwa nia njema. Nikaapa. Nikaapa kwa mikono miwili. Tukakumbatiana, Kibonge katikati, anapiga kelele kwamba anabanwa.

Mume wangu alipiga simu jioni kusema mtandao umerudi.

Jumatatu, 15 Januari

Nipo mezani kwangu. Mhuri umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Takwimu ameniuliza kama nimelala vizuri. Nimemwambia jogoo wake anasalimiwa.

Saa nne mama mkwe kapiga simu. Kuna watu nyumbani! Hawataki kuja ofisini kabla hajawaangalizia karatasi, wanasema yeye ndiye anayejua. Afanyeje? Aliniuliza kama Bosi ameruhusu.

Nikafikiri. Akiwakagua kule, huku wanafika wamekamilika, mimi nagonga tu, nami narudi mapema kwa Kibonge. Nani anaumia?

Nikamwambia ndiyo, Bosi ameruhusu. Nikaongeza kwamba amemsifu sana. Nikaongeza kwamba amempa na cheo, Msaidizi wa Mapokezi, ila barua bado inachapwa. Alifurahi hadi akaniomba nikirudie hicho cheo.

Mchana Bosi akapita, akashangaa foleni inavyokwenda, akaniuliza siri ni nini. Nimesema nimejifunza kujipanga.

Sasa mama mkwe anataka kuja Jumatano na kile kitambaa kilichogongwa kumshukuru Bosi ana kwa ana. Nimemwambia Bosi atakuwa safarini. Na Bosi anataka kupita nyumbani Jumatano kumwomba radhi mama mkwe kwa vile alivyobishana naye foleni Ijumaa. Nimemwambia mama mkwe ana surua.

Takwimu amesikia yote mawili na anatafuta kalamu. Haidhuru. Mpango huu hauna pa kuvujia.