Siku Enzi ya Barafu Ilipofutwa

Wizara ya Mpangilio wa Ardhi iliutangazia umma kwamba Enzi ya Barafu imefutwa rasmi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyoifuta.

Mlimani kwetu kuna mawe yaliyokaa kwa duara, duara baada ya duara, bila kibali. Kamati ilimwita shemeji yangu, marehemu sasa, mtaalamu wa miamba aliyeyachunguza maisha yake yote. Dada yangu, mkewe, aliuita mlima ule mke mwenzake.

"Nani kayapanga?" Mkurugenzi wa Wizara, mwenyekiti wetu, aliuliza.

"Baridi, mheshimiwa. Zamani za barafu maji yaliganda ardhini, udongo ukavimba, ukayainua mawe na kuyasukuma pembeni. Ukaganda, ukayeyuka, maelfu ya miaka."

"Hiyo baridi ilisajiliwa wapi?"

Shemeji alinitazama. Mimi nilitazama chai.

Mkurugenzi akaamua: jukwaa lijengwe pale mteremkoni, Waziri aje akate utepe, kisha tingatinga liyanyooshe mawe yote yawe mistari.

"Mkiyavuruga, hatutaweza tena kusoma nchi hii ilivyoumbwa," shemeji alisihi. "Halafu mteremko ule bado unaganda usiku. Jua likichomoza, tope la juu linateleza kama sabuni."

"Bwana Mawe, enzi hiyo tumeshaifuta. Tope litateleza kwa idhini ya nani?"

Kamati ilipiga makofi.

Asubuhi ya sherehe jua lilitoka vizuri sana. Mkurugenzi alipofika kwenye "ndugu wananchi", jukwaa lilianza kuondoka. Liliondoka taratibu, kwa heshima. Shemeji alitembea kando yake.

"Ruka, mheshimiwa!"

"Siruki! Sijamaliza utangulizi!"

Jukwaa lilisukumia tingatinga mtaroni, likampita Waziri aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda mlima, likaenda kutua chini, katikati ya bustani ya mboga ya dada yangu. Mkurugenzi alikuwa bado ameshika maikrofoni. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: ziara ya kuwafikia wananchi majumbani.

Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akamtazama Mkurugenzi, akaitazama michicha yake.

"Karibu, baba," akasema. "Kibali kiko wapi?"

Waziri alicheka mpaka akashikilia mti, kisha akaagiza mlima usiguswe na Mkurugenzi apande michicha upya.

Mawe yangali duara. Siku hizi dada hupanda juu mwenyewe, kumjulia hali mke mwenzake.